Maswali ya Wasomaji: Pembe za Wawili katika Bustani ya Tivoli

Barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu zilikuwa za mambo mengi, lakini nne kati yake zinahusu mahali pamoja, nami nimeona ni afadhali nizijibu kwa mkupuo mmoja. Mahali penyewe ni Tivoli, bustani ya burudani iliyo katikati ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambayo ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843 na bado inahesabiwa miongoni mwa bustani kongwe kabisa za aina hiyo duniani. Nimefika huko mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa na mama watoto, kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyapitia kwa miguu yangu.

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tanga, ninafanya kazi Malmö, nchini Sweden. Nilioa nyumbani miaka miwili iliyopita, lakini kwa sababu ya karatasi za uhamiaji mke wangu hakupata nafasi ya kunifuata. Sasa atawasili mwezi wa saba, inshallah. Muda wote huo ndoa yetu imekuwa ya simu. Ninataka nimpeleke Tivoli jioni moja, ila wenzangu kazini wananiambia kuwa kule ni kwa watoto na kwa wapenda vigari vya kutisha, na mke wangu hata ngazi ya kupandia darini humtia kizunguzungu. Je, kuna mahali ambapo watu wawili wanaweza kukaa wakatulia? Na twende saa ngapi? — Msomaji, Malmö*

Marahaba, mpwa wangu, na hongera kwa subira. Wenzako hawakukudanganya, ila wamekueleza Tivoli ya mchana, na wewe unaulizia ya usiku.

Nianze na saa, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi kutoka kwetu hukosea. Mkeo amezoea jua la Tanga, ambalo mwezi wa saba huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni na giza likaingia papo hapo, kama mtu aliyefunga dirisha. Copenhagen mwezi huohuo jua huzama saa nne kasoro robo usiku, na baada ya hapo mwanga haukimbii, bali hubaki angani muda mrefu ukiwa wa rangi ya samawati iliyochujuka. Mkiingia saa tisa alasiri, kama wafanyavyo wenye watoto, mtakuwa mmechoka, mmekasirishana kwa foleni na mmekwisha kurudi kituoni kabla taa haijawashwa hata moja. Ingieni saa moja na nusu jioni. Treni ya kutoka Malmö huvuka daraja la Øresund na kufika Kituo Kikuu cha Copenhagen kwa muda wa dakika kama 40, na ukitoka kituoni unavuka barabara moja tu, Bernstorffsgade, ukajikuta kwenye lango la bustani. Mradi msiende Ijumaa. Ijumaa za majira ya joto kuna tamasha la muziki wa roki katika uwanja wa nyasi, watu hujaa hadi hakuna pa kukanyaga, na mtu aliyengoja miaka miwili kusikia sauti ya mwenziwe bila simu hana haja ya spika za ukubwa huo. Kumbuka pia kwamba Maghrib itawakuta humo ndani, kwa hiyo pangeni mapema mtaiswali wapi.

Sasa nije kwenye mahali. Mwanzilishi wa Tivoli aliitwa Georg Carstensen, naye alizaliwa Algiers mwaka 1812, baba yake akiwa mwanadiplomasia wa Denmark huko. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akimwomba Mfalme Christian VIII kibali cha kufungua bustani, alimpa hoja kwamba watu wanapojiburudisha hawaifikirii siasa. Kibali alikipata, na ardhi aliyopewa ilikuwa nje ya lango la magharibi la mji, penye ngome na handaki la maji la kuwazuia maadui. Ngome ilikwisha bomolewa zamani, lakini kipande cha handaki kimebaki, na hicho ndicho ziwa mtakaloliona. Jambo hili lina maana kwako, kwa sababu handaki la ngome halichimbwi kwa duara. Huchimbwa kwa kona, likiingia na kutoka kufuata pembe za ukuta, ili mlinzi aone kila upande. Leo walinzi hawapo, kona zimebaki. Ukingo wa ziwa la Tivoli umejaa vipenyo, miti iliyoinamia maji na mabenchi ambayo aliye benchi la pili hakuoni, na huo ndio ukumbi wa wapendanao wa bustani nzima, ingawa hakuna kibao kinachosema hivyo.

Mkiingia, msikimbilie ziwani moja kwa moja. Mwanga ukiwa bado mwingi, ulizieni Parterrehaven, bustani ya maua iliyobuniwa na G. N. Brandt mwaka 1943, ambamo maji hububujika kutoka katika mapipa makubwa ya mbao yaliyowekwa katikati ya maua. Maji hayo hayarushwi juu kwa kishindo kama ya chemchemi za kifahari. Yanachemka taratibu mdomoni mwa pipa, kama chungu cha uji kilichoanza kushika moto, na mlio wake unatosha kufunika maneno yenu masikioni mwa wapita njia. Mama watoto alikaa hapo saa nzima akaniambia mambo ya mwaka wa kwanza wa ndoa yetu ambayo sikuwa na habari nayo. Sitayaandika hapa.

Kuhusu chakula, nina onyo la mtu aliyeumia. Safari yetu ya kwanza niliingia katika mkahawa mmoja nisioutaja jina, kwa kuwa ulikuwa na mishumaa dirishani. Tulipewa meza karibu na mlango wa jikoni, kila sahani ikipita inatugusa bega, na bili ilipokuja nilihisi nimenunua na mlango wenyewe. Tangu siku hiyo siketi kabla ya kuonyeshwa meza nitakayopewa. Ukitaka chakula cha Kidenmark chenyewe, Grøften ipo tangu mwaka 1874, na jina lake maana yake ni handaki, lilelile nililokueleza; huko watu hula mkate mweusi wa nafaka ya rai uliopangwa samaki au kamba juu yake. Pombe huuzwa karibu kila mahali, nawe ukiwa na shaka na nyama kula samaki. Tena wageni wanaruhusiwa kuingia na chakula chao, na Wadenmark wenyewe huenda na vikapu, kwa hiyo sambusa za mkeo hazitamshangaza mtu.

Ikifika saa tatu na nusu, shukeni ziwani mkachague benchi, kisha mngoje. Taa mtakazoziona ukingoni, zenye mabamba yaliyozungushwa kama ganda la konokono, ni kazi ya Poul Henningsen, aliyekuwa msanifu mkuu wa Tivoli katika miaka ya 1940. Wajerumani walipoikalia Denmark kulikuwa na amri ya kuzima taa usiku ili ndege za vita zisiuone mji, na bustani isiyo na taa ingelazimika kufungwa jua likizama. Henningsen akabuni taa zinazomwaga mwanga chini tu, zisizoonekana kutoka juu, na watu wakaendelea kutembea humo usiku katikati ya vita. Taa za konokono zilikuja baadaye, mwaka 1949, lakini tabia ni ileile: zinamulika njia na kuuacha uso wako kivulini. Kwa wawili walio kama nyinyi, sijui fundi gani angewafikiria vizuri zaidi.

Mashine nazo? Himmelskibet, bembea ya minyororo inayopanda mita 80 na kuwazungusha watu wawiliwawili juu ya mapaa ya mji, muipite kwa mbali. Mama watoto aliitazama, akanitazama, akaendelea kula aiskrimu. Mkeo akipata moyo, lipo gurudumu dogo la mwaka 1943 lenye vikapu vinavyoning'inia chini ya mabaluni, ambalo halina makuu. Nawe ukibanwa na hamu ya kupanda kitu, iko Rutschebanen, reli ya mbao ya mwaka 1914 inayopanda na kushuka ndani ya mlima wa kutengeneza, ambayo hadi leo kila treni yake hubeba mtu wa kushika breki kwa mkono. Mkeo amtazame huyo mshika breki anavyokaa bila wasiwasi, huenda akakubali.

Jambo la mwisho, mpwa wangu. Mchukulie kanga nzito au shali. Mwezi wa saba wa Copenhagen ukiwa ziwani usiku si mwezi wa saba wa Tanga, na mwanamke anayetetemeka hasikilizi shairi la mtu.

*Mjomba, habari za siku nyingi. Mimi ni mwanafunzi hapa Copenhagen, nimetoka Bukoba. Kuna mwenzangu anayesoma Ujerumani ambaye amenitumia posa kwa njia ya familia, nami nimemwambia jibu nitampa uso kwa uso. Atakuja Desemba. Ninatamani nimjibu Tivoli, lakini sina fedha za kuchezea, na ninaogopa baridi. Je, wakati huo bustani inafunguliwa? — Dada wa Bukoba*

Habari ni njema, mwanangu, na ninaona jibu umeshakuwa nalo. Unatafuta pa kulisimamisha tu.

Bustani hufunguliwa. Tangu mwaka 1994 Tivoli ina msimu wa Krismasi, unaoanza katikati ya Novemba na kuvuka mwaka mpya, ila tarehe 24 Desemba milango hufungwa, kwa kuwa usiku huo Wadenmark hukaa nyumbani na jamaa zao. Kuhusu fedha, fahamu kwamba tiketi ya kuingia na tiketi ya kupanda mashine ni vitu viwili tofauti. Nunueni ya kuingia peke yake. Tena giza la Desemba, ambalo wageni wote wanalilaani, wewe litakufaa, maana jua huzama mnamo saa tisa na nusu alasiri. Mkiingia saa kumi mnazikuta taa zote zinawaka, na saa moja mnaweza kuwa mmekwisha rudi kwenye joto.

Kuna chakula kimoja cha msimu huo ambacho nilipokiona nilicheka peke yangu. Kinaitwa æbleskiver, na anayekipika ana kikaango cha chuma chenye mashimo ya duara, humimina rojo la unga katika kila shimo, hungoja upande wa chini ugande, kisha hukichokoa kwa kijiti kikapinduka na kuwa mpira. Ni vitumbua, mwanangu, isipokuwa havina mchele, na huliwa kwa jamu na sukari ya unga. Mnunulie mwenzio sahani moja mgawane. Kinywaji wanachokiita gløgg ni divai iliyochemshwa na viungo, kwa hiyo kama hunywi ulizia isiyo na kileo, au nenda na chupa yako ya chai.

Sasa jibu utalitoa wapi. Kila mtu atakuambia usimame mbele ya Nimb, jumba la mwaka 1909 lenye kuba na matao ya mtindo wa Kiarabu wa Magharibi, ambalo usiku hupambwa taa kuanzia chini hadi kileleni, kiasi kwamba mtu aliyekulia Pwani hudhani ameliona mahali. Ni pazuri, sikatai. Lakini hapo ndipo wote wanapopigia picha, na mwenzio akishtuka kwa furaha atashtuka ndani ya simu za watu ishirini. Pigeni picha, kisha shukeni ziwani, upande unaoutazama ule mnara wa ghorofa wa mwaka 1900 uliojengwa kwa mfano wa hekalu la Mashariki ya Mbali. Kule maji yanaurudisha mnara chini juu, taa kwa taa. Simama, usikae, maana benchi la Desemba linauma. Vua glavu ya mkono mmoja. Yaliyobaki unayajua wewe.

*Mjomba, mimi ni mtu wa Mombasa na ninasoma safu yako kila mwezi. Hapa kwetu mtu na mwenziwe wanakwenda Mama Ngina jioni, wanakaa wanatazama meli zikiingia, wanakula mihogo na madafu, na hakuna anayewatoza kiingilio. Mapenzi ya kukata tiketi ni mapenzi gani? — Msomaji, Likoni*

Kaka, hapo sina ubishi mkubwa nawe, na mihogo ya Mama Ngina nimeila. Nikusahihishe kidogo tu: wenyeji wengi wa Copenhagen hawakati tiketi kila waendapo. Hununua kadi ya mwaka mzima, wakitoka kazini hupitia hapo, wakatembea robo saa kando ya ziwa na kwenda zao, bila kupanda chochote. Yaani wanaitumia vilevile mnavyoitumia Mama Ngina nyinyi, ila wao bahari yao wakati wa baridi haikaliki.

*Mheshimiwa mwandishi, assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mkaazi wa Unguja. Binti yetu anaishi Copenhagen na ametualika mimi na mama yake mwezi wa nane. Anataka kutupeleka Tivoli pamoja na wajukuu. Nami ninatamani, nisiwe mwongo, nipate saa mbili na mke wangu tukiwa peke yetu, kama tulivyokuwa tukienda Forodhani zamani. Miguu yangu haina nguvu, na lugha yao hatuijui. — Mzee wa Unguja*

Wa alaykumu s-salaam, mzee wangu, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kumsomea mama watoto.

Lugha isikutie hofu, kwa sababu pahala panapokufaa kuliko pote hapazungumzwi neno. Karibu na lango kuu lipo Jumba la Pantomime, jukwaa la wazi la mtindo wa Kichina lililochorwa na msanifu Vilhelm Dahlerup na kufunguliwa mwaka 1874. Pazia lake ni tausi. Mnapofika mtamkuta amesimama mbele ya jukwaa, mkia ameutandaza umejaza uwazi wote kuanzia ubavu hadi ubavu, buluu na kijani na dhahabu. Na muziki unapoanza, mkia ule hukunjwa unyoya kwa unyoya, ukishuka kulia na kushoto kama upepeo unaofungwa na mtu asiye na haraka, hadi jukwaa likawa wazi. Hakuna umeme katika kazi hiyo. Ni mikono ya watu walio ndani. Nilimwona mtoto mmoja aliyekuwa analia akanyamaza kabla mkia haujafika nusu.

Michezo yenyewe ni ya jadi ya Kitaliano, na kisa utakifahamu bila mkalimani. Harlequin anampenda Columbine, baba yake binti hataki kusikia, na Pierrot, mtumishi mwenye uso mweupe, anatumwa huku na huku akiharibu kila analotumwa. Sisi tuliokuwa na wakwe wa zamani hatuhitaji maelezo zaidi. Mchezo ni bure kwa aliyekwisha ingia bustanini, ila wengi husimama, kwa hiyo fikeni nusu saa kabla ili mpate pa kukaa. Waulize langoni ratiba ya siku hiyo, maana jukwaa halifanyi kazi kila siku.

Mkitoka hapo msitembee mbali. Huenda mkasikia ngoma na tarumbeta zinakuja. Hilo ni gwaride la Tivoli, kikosi cha vijana waliovaa koti jekundu na kofia ndefu za manyoya, kilichoanzishwa mwaka 1844 na ambacho tangu mwaka 2015 kina wasichana pia. Kwa mtu wa umri wako aliyewahi kuona beni ikipita mtaani, nadhani bibi atakuwa na la kukukumbusha.

Kuhusu wajukuu, mzee, mwambie binti yako waziwazi. Awafikishe mpaka penye tausi, awatafutie viti upande wa kivuli, kisha awachukue watoto kwenye mashine zao na arudi saa mbili baadaye. Akiuliza babu na bibi watafanya nini muda wote huo, mwambie mnatazama mchezo.